Mwaka wa Kwanza Baada ya Fiziotherapia

Katika kikao changu cha mwisho cha fiziotherapia nilikabidhiwa karatasi mbili zenye michoro ya mazoezi 7, nikapeana mkono na mtaalamu aliyenisimamia kwa miezi 6, nikatoka nikitembea bila gongo na bila kuchechemea. Goti langu la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji wa kuweka ukano mpya, yaani kamba ya mwili inayoshikanisha mifupa ya goti, mahali pa ule uliokatika, na kwa muda wote ule maisha yangu yalikuwa yamepangwa kuzunguka vikao: kwanza mara 2 kwa wiki, kisha mara 1, na mwishoni mara 1 kila baada ya wiki 2. Nilipofika nyumbani nilizibandika zile karatasi kwenye mlango wa kabati, nikiamini kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Wiki 5 baadaye nilikuwa sifanyi hata zoezi moja kati ya yale 7.

Ninaandika haya mwaka mmoja baada ya siku ile, kwa sababu kipindi kinachofuata matibabu huzungumzwa kidogo mno. Mtu anapoumia hupewa maelekezo mengi: alale vipi, aukunje mguu kiasi gani, aanze kuukanyagia lini. Akishamaliza vikao huambiwa tu aendelee na mazoezi, na neno hilo moja, aendelee, hubeba mzigo ambao kwa miezi kadhaa ulikuwa ukibebwa na watu wawili.

Sikuacha kwa siku moja, wala sikuamua kuacha. Wiki ya kwanza nilifanya mazoezi siku 5, wiki ya pili siku 3, kisha nikasafiri kikazi na karatasi zikabaki kabatini. Niliporudi nilikuta goti halijauma hata kidogo katika siku zote nilizokaa bila mazoezi, na jambo hilo ndilo lililonipoteza. Kwa miezi mingi nilikuwa nimefundishwa kuyasikiliza maumivu, hivyo yaliponyamaza nilidhani goti limesema limepona.

Mwezi wa tatu ndipo nilipoanza kuona dalili. Nilipokuwa nikishuka ngazi, mguu wa kulia ulitetemeka kidogo kila nilipouachia uzito wote, nami nikajikuta nikishika ukingo wa ngazi bila kujua nimeanza lini kufanya hivyo. Baada ya siku ya kusimama muda mrefu goti lilivimba, si sana, lakini kiasi cha kuvificha vile vishimo viwili vinavyoonekana pembeni mwa kilegesambwa, ule mfupa wa mviringo wa mbele ya goti. Nilichukua utepe wa kupimia nikazungusha kwenye mapaja yote mawili, sentimita 10 juu ya goti, kama nilivyokuwa nikifanyiwa kwenye vikao. Siku niliyoruhusiwa tofauti ilikuwa sentimita 1 na nusu. Sasa ilikuwa sentimita 3.

Nilirudi kwa mtaalamu wangu nikiwa na hofu kwamba ukano mpya umelegea. Haukuwa umelegea. Alinipima kwa kunisimamisha kwa mguu mmoja na kunikalisha kwenye kiti kisha kunitaka ninyanyuke, akaniambia kwamba misuli ya mbele ya paja imerudi nyuma, na kwamba goti limeanza kubeba kazi ambayo misuli ile ilipaswa kulipunguzia. Alinieleza jambo ambalo natamani ningelielewa miezi 3 kabla: maumivu na nguvu havifuati kalenda moja. Maumivu ya jeraha lililofanyiwa upasuaji yanaweza kupungua sana katika miezi ya mwanzo, lakini ukano uliopandikizwa huendelea kujijenga upya kwa mwaka mmoja na zaidi, na misuli iliyokonda kwa kutotumika huhitaji miezi mingi ya kazi nzito kidogo kidogo ili irudi. Ndiyo maana wataalamu wengi hawamruhusu mtu kurejea kwenye michezo ya kukimbia na kugeuka ghafla mpaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mguu mwingine. Kutembea vizuri sebuleni hakumwambii mtu lolote kuhusu asilimia hizo.

Kuhusu ule uvimbe alinieleza jambo jingine ambalo limenisaidia sana. Maji yanapojaa ndani ya goti, hata kwa kiasi kidogo, neva za goti hupeleka taarifa inayoifanya misuli ya paja ipunguze kujikaza, na mtu hawezi kuishinda hali hiyo kwa kujitia moyo. Goti likivimba, paja hulegea; paja likilegea, goti hubebeshwa zaidi na huvimba tena. Mzunguko huo haukatwi kwa kupumzika moja kwa moja wala kwa kujilazimisha. Hukatwa kwa kupunguza mzigo mpaka uvimbe ushuke, halafu kuurudisha kwa hatua.

Nilipokaa kutafakari kwa nini nilishindwa peke yangu kitu nilichokiweza kwa miezi 6 nikiwa na msimamizi, nilianza kwa kujilaumu kwamba sina nidhamu. Sasa naamini maelezo hayo hayakuwa sahihi. Kwenye kliniki kulikuwa na mambo 3 ambayo hayakuandikwa kwenye zile karatasi: saa maalumu ambayo mtu alikuwa akinisubiri, macho ya mtu aliyehesabu kila rudio na kuona pale nilipokuwa nikiuegemea mguu wa kushoto, na uamuzi wake wa kuongeza uzito kila nilipouzoea. Mambo yote hayo 3 yaliishia mlangoni siku niliporuhusiwa. Mazoezi nilibaki nayo, lakini aliyekuwa akiyaendesha sikuwa naye tena, na hakuna aliyeniambia kwamba kazi yake sasa ni yangu.

Katika hayo matatu, la kuongeza uzito ndilo linalosahaulika kuliko yote. Watu wengi ninaowafahamu ambao hawakuacha mazoezi baada ya matibabu wanafanya yale yale, kwa mpira ule ule wa kuvuta na idadi ile ile ya marudio, tangu siku walipoondoka kliniki. Mwili huongeza nguvu unapodaiwa zaidi ya ulivyozoea. Ukidaiwa kile kile kila siku hubaki pale pale. Kanuni hii iliingia kwenye tiba ya viungo kwa njia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya na askari waliokuwa na majeraha, mengi yakiwa ya magoti, katika hospitali ya kijeshi mjini Chicago. Mazoezi ya wagonjwa wakati ule yalikuwa ya uzito mwepesi na marudio mengi sana, na askari walikuwa wakikaa hospitalini kwa muda mrefu huku mapaja yao yakibaki membamba. DeLorme, ambaye katika ujana wake aliugua homa ya baridi yabisi na kujijenga upya kwa kunyanyua vyuma, aliwapa wagonjwa uzito mkubwa na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu. Miaka michache baadaye, yeye na mwenzake Arthur Watkins walipunguza idadi ya seti, yaani mafungu ya marudio, na kupendekeza seti 3 za marudio 10, zikianza na nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10, kisha robo tatu yake, kisha wote. Yeyote aliyewahi kupewa karatasi ya mazoezi na kusoma 3 kwa 10 amekutana na urithi wa kazi ile, ingawa mara nyingi idadi ndiyo inayoandikwa na ile sehemu ya kuongeza uzito huachwa.

Kwa hiyo nilipoanza upya, kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua daftari. Kila ninapofanya mazoezi huandika tarehe, zoezi, uzito, marudio na neno moja kuhusu goti. Kanuni ninayoifuata nilikubaliana na mtaalamu: nikiweza kufanya marudio yote ya seti zote 3 kwa mkao sahihi katika siku 2 zinazofuatana za mazoezi, na ikionekana kwamba ningeweza kuongeza marudio mengine 2 au 3, basi mara inayofuata uzito unapanda kwa kiasi kidogo kabisa. Zoezi la kupanda na kushuka kwenye kidaraja nililianza kwa kimo cha sentimita 10 bila kubeba chochote. Sasa nalifanya kwa kimo cha sentimita 30 nikiwa na begi mgongoni lenye kilo 8. Kilo hizo zilipanda nusu nusu, na ipo miezi ambayo hazikupanda kabisa. Nilichokipata kwenye daftari kuliko yote ni kwamba siku ninapohisi sijapiga hatua yoyote, naweza kufungua kurasa za nyuma na kuona maandishi yangu mwenyewe yakionyesha nilikotoka.

Maumivu nayo yalihitaji kanuni, kwa kuwa uzito ukipanda yapo yatakayojitokeza. Niliambiwa niyapime kwa namba kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutohisi chochote na 10 ni maumivu makali kuliko yote ninayoweza kuyawazia. Yakiwa chini ya 3 wakati wa zoezi naendelea. Yakivuka hapo napunguza uzito au kina cha kuchuchumaa. Hata hivyo kipimo chenyewe hasa ni asubuhi ya siku inayofuata: goti likiamka kama lilivyokuwa kabla ya mazoezi, mzigo ulikuwa sawa, likiamka limevimba au limekakamaa kuliko kawaida, mzigo ulizidi, nami narudi hatua moja nyuma bila kuacha kabisa. Kabla ya kuipata kanuni hii nilikuwa nikitenda kwa mojawapo ya njia mbili, ama kusimama kwa kila kichomi, ama kukaza meno na kuvumilia, na zote mbili zilinirudisha nyuma.

Hofu nimeiweka hapa kwa makusudi, mara tu baada ya maumivu, kwa sababu hutembea nayo. Mara ya kwanza nilipotakiwa kuruka kwa mguu wa kulia na kutua juu yake, mwili ulikataa. Niliinama, nikajikaza, na miguu haikuondoka sakafuni. Goti lilikuwa na nguvu za kutosha kwa zoezi lile, lakini kumbukumbu ya siku nilipoumia ilikuwa na nguvu zaidi. Hakuna maneno yaliyonisaidia. Kilichonisaidia ni kugawanya kitendo: wiki 2 za kusimama kwenye ncha za vidole na kujiachia kwa kisigino, kisha kuruka kwa miguu yote miwili bila kusogea, kisha kuruka kwa miwili na kutua kwa mmoja, na mwisho mmoja kwa mmoja. Nawasihi wanaopitia hali hii waitaje mbele ya mtaalamu wao waziwazi. Ni sehemu ya jeraha kama uvimbe ulivyo sehemu ya jeraha, na haipungui kwa kufichwa.

Nguvu ya misuli peke yake haikutosha. Katika miezi ya kuumwa nilikuwa nimepoteza pumzi pia, na upotevu huo ulinishtua zaidi kwa sababu sikuwa nimeutarajia: nilipanda ghorofa 3 nikalazimika kusimama kabla ya kuweza kuzungumza. Upo utafiti maarufu uliofanyika Dallas mwaka 1966, ambapo vijana 5 wa kiume wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa wiki 3 wakiwa wazima. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa mazoezi ulishuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu wale wale walipimwa tena, na ikaonekana kwamba wiki zile 3 za kulala ziliwapunguzia uwezo huo kuliko miaka 30 ya kuzeeka ilivyowapunguzia. Sehemu ya habari hiyo inayonipa moyo ni ile iliyofuata: walipofanya mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole au kuendesha baiskeli kwa miezi 6, wakiwa na miaka 50 na zaidi, waliurudisha uwezo waliokuwa nao wakiwa vijana kabla ya kulazwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, yaani zile zinazoharakisha pumzi lakini bado mtu anaweza kuzungumza, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, na pamoja na hizo ajenge misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Nilipozisoma namba hizo mara ya kwanza nilivunjika moyo, kwa sababu wakati huo dakika 12 za kutembea kwa haraka zilitosha kulivimbisha goti langu. Kilichonisaidia ni kusoma mwongozo huo mpaka mwisho, kwani unasema pia kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na kwamba anayeanza aanze na kiasi kidogo. Nilianza na dakika 10 mara 4 kwa wiki, kila wiki nikaongeza dakika 2 kwa kila mara, na pale goti lilipolalamika nilihamia kwenye baiskeli au kwenye maji ya kuogelea, ambako pumzi hufanya kazi huku goti likibebeshwa kidogo. Nilifikisha dakika 150 katika mwezi wa tano tangu nianze upya.

Suala la saa maalumu nililitatua kwa njia rahisi kuliko nilivyodhani. Simu yangu ilikuwa ikinikumbusha kila jioni nami nilikuwa nikiizima kila jioni. Nilipoyaunganisha mazoezi na kitu ambacho tayari hufanyika kila siku bila kufikiriwa, mambo yalibadilika: asubuhi nikimaliza kupiga mswaki, nasimama kwa mguu mmoja pale pale kwa dakika 1 kila upande, kisha naenda moja kwa moja kwenye mkeka uliokwisha kutandikwa tangu usiku. Watafiti wa University College London waliochapisha kazi yao mwaka 2010 waliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya kwa namna hii, wakaona kwamba ilichukua wastani wa siku 66 mpaka kitendo kijiendeshe chenyewe, wengine wakihitaji siku 18 tu na wengine ikikadiriwa kuwa wangehitaji 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Naitaja hiyo kwa uzito, kwa sababu mara ya kwanza nilipoanguka sikuangushwa na siku niliyoikosa. Niliangushwa na kule kuhesabu kwamba siku ile imeshaniharibia wiki, na wiki imeshaniharibia mwezi.

Safari na magonjwa madogo vitatokea. Habari njema ni kwamba nguvu iliyokwisha kujengwa hudumishwa kwa kazi ndogo kuliko ile iliyoijenga. Kikao 1 kwa wiki chenye uzito ule ule wa kawaida kinaweza kuilinda kwa wiki kadhaa, ingawa watu wenye umri mkubwa huhitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo ninaposafiri sibebi mpango wote. Nabeba mazoezi 2, lile la kuchuchumaa kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa kiti na lile la kusimama kwenye ncha ya vidole vya mguu mmoja, nayafanya kwa bidii mara moja katikati ya wiki, na nikirudi naanza pale nilipoachia au hatua moja nyuma yake.

Nimesema habari za goti kwa kuwa ndilo ninalolijua. Aliyetibiwa bega au mgongo atakuwa na mazoezi mengine kabisa na kanuni nyingine za maumivu, na aliyefikia umri wa miaka 65 anashauriwa na mwongozo ule ule aongeze mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu walau siku 3 kwa wiki ili kujikinga na kuanguka. Mpango wa mtu mwingine usichukuliwe kama ulivyo, hata huu wangu.

Zipo dalili ambazo hazisubiri daftari wala asubuhi ya pili, nami nimeziandika nyuma ya jalada la daftari langu: goti kukwama lisikunjike wala kunyooka, kuachia ghafla wakati wa kutembea, kuvimba ndani ya saa chache baada ya kujipinda, ganzi inayosambaa, homa pamoja na joto na wekundu kwenye kiungo, maumivu yanayoniamsha usiku bila sababu, na tafu linalovimba na kuuma upande mmoja, kwani hilo laweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Kwa mojawapo ya hizo nitaenda hospitali siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, nimeomba kuonwa na mtaalamu wangu mara 1 kila baada ya miezi 4, si kwa sababu ninaumwa bali ili yale macho yaliyokuwa yakihesabu yaone kile ambacho mimi sikioni. Katika ukaguzi wa mwisho aligundua kwamba ninapochuchumaa bado nasogeza nyonga kushoto kwa kiasi kidogo sana, jambo ambalo nisingeligundua mbele ya kioo changu.

Juma lililopita nilipima tena mapaja. Tofauti imebaki nusu sentimita. Kwenye kuruka kwa mguu mmoja kwenda mbele, mguu wa kulia umefikia asilimia 88 ya umbali wa mguu wa kushoto, hivyo sijaruhusiwa bado kurudi uwanjani. Nimepangiwa wiki 8 nyingine za kuruka na kutua, siku 3 kwa wiki, na ukurasa wa kwanza wa mpango huo nimekwisha kuuandika tarehe.